Mama Agnès na Mashine ya Zakari

"Fula, Mama Mariam, fula tu. Siku moja utafula manguo, utamona mwenye kuyavaa haiko."

Martine alisema hivyo akiwa ameweka viwiko juu ya ukuta wa matofali unaotenganisha lupango lake, ua wa nyumba yake, na la Alima, kama mtu aliyekuja kununua kitu dukani. Alima alikuwa anaanika nepi, mtoto Mariam amelala mgongoni. Pale Hewa Bora ukuta ule ndio uliokuwa redio ya mtaa, na Martine ndiye aliyekuwa anasoma habari.

"Unasema nini, yaya?"

"Mi sisemi. Bantu njo banasema. Ule mamzele wa karatasi ya brevet, ule mwenye kukuya kwa bwana yako, wa viatu ya chini sawa masista. Banasema kule Kasapa alimaliza bibi ya muntu. Fundi alikuwa na mashine ya kukamua mafuta. Mamzele anakuya kuangalia mashine. Anarudia, mashine. Anarudia tena, paka mashine tu. Ule bibi leo iko kwabo Likasi na mavalizi yake."

"Na bwana?"

"Bwana iko na brevet yake ku ukuta, mu kadre ya dhahabu." Martine alicheka, kisha akashusha sauti. "Jiulize tu, mudogo yangu. Sababu gani hakunywake maji yako? Mwanamuke mwenye kuogopa kopo ya bibi, anajua iko namufanya nini ule bibi."

Alima alibana nepi ya mwisho, akainama kuokota beseni. Hakutaka Martine aone kwamba amempiga palepale panapouma. Kopo lile la maji alikuwa analifikiria tangu siku ya kwanza ya mgeni yule.

Alima alikuwa binti wa watu wa Maniema. Alisoma akamaliza shule ya msingi, akaolewa na Zakari, fundi wa kuchomelea vyuma. Mwanzoni mwa ndoa walikuwa na kazi moja wao wawili. Zakari alikuwa ameona plato za kubebea mayai zilizotengenezwa kwa karatasi kuukuu, akasema hata mugomba una nyuzi, hata maganda ya muhindi yana nyuzi. Ukizipika na soda, ile kali ya kutengenezea sabuni, zinalainika kama uji, na uji ule ukiubana ndani ya kibao chenye mashimo unakauka na kuwa plato. Basi wakawa wanapika. Pipa moja wazi, moto chini, Alima ameshika mti wa kukorogea, Zakari anatia soda kidogo kidogo. Walijifunga vitambaa puani, na bado machozi yalitiririka. "Tuko nalia sawa bantu ya kilio," Zakari alikuwa anasema, "na aliyekufa hatumujue." Walicheka mpaka mti ukamponyoka Alima. Uji wenyewe ulitoka mbaya, juu mbichi, chini umeungua. Lakini Alima, akiulizwa leo siku zake nzuri zilikuwa zipi, angetaja zile za moshi.

Kisha Zakari akaanza kuunda mashine ya kupikia nyuzi zile. Akaenda mjini kuuliza habari za brevet, karatasi ya serikali inayosema kitu hiki kimebuniwa na fulani, mwingine asikiige bila ruhusa. Akarudi amekuwa mtu mwingine. Alileta bashi ya bluu, ile ya kufunikia mizigo ya malori, akaifunika mashine mpaka miguuni, akaifunga kamba. Alima aliposogea na mti wake alimwambia kwa upole, kama anavyoambiwa mgeni, "Acha, Mama Mariam. Hii haiko ya kuangalia." Mti ule siku hizi ulikuwa unashikilia kamba ya nguo.

Alima hakulalamika. Alijiambia ni soda, ni mimba, ni mtoto mchanga, mume anamchunga. Alijiambia hivyo mpaka siku alipokuja mwanamke mwingine, na Zakari akafungua kamba mwenyewe.

Jina lake lilikuwa Agnès. Alikuwa mpimaji wa madosie katika ile ofisi ya mjini: mtu akileta uvumbuzi wake, yeye ndiye anayeusoma, anautafutia makosa, anauliza kama kweli ni kitu kipya au ni cha watu wengine. Zakari alimwita Mama Agnès, kwa heshima, ingawa hakuwa na mtoto. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na zaidi, mwembamba, kichwa amekifunga kitambaa kisicho na mapambo, na alikuja kwa miguu kutoka barabara kubwa, vumbi jekundu mpaka kwenye vifundo. Alima alimtazama tangu getini. Akaona pengo dogo la meno ya mbele. Akaona kovu jeupe kwenye kifundo cha mkono. Akaona hana pete. Mtu mwenye wivu haachi kitu.

Alimpelekea kiti na kopo la maji kwenye sahani, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa.

"Aksanti sana, mama. Sitakunywa."

"Ni maji ya robine, haiko ya kisima, mama, nimeichemusha."

"Najua. Aksanti. Sitakunywa."

Hakusema tumbo linamuuma, hakusema amefunga. Alisema tu, na akatabasamu. Alima alirudi jikoni na kopo limejaa, akayamwaga maji yote nje ya mlango. Saa ya kula aliwapelekea ugali wa bukari na mboga ya sombe. Sahani ya Zakari ilirudi tupu. Ile ya mgeni ilirudi kama ilivyokwenda, na kifuniko chake.

Na huko nyuma ya bashi walikuwa wanaongea. Alima alisikia yote akiwa anaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari.

"Pipa haiko yako, Papa Zakari. Pipa ni ya dunia nzima."

"Kweli, mama."

"Na hiki kikapo cha chuma cha ndani, chenye mashimo, nacho kiko cha bengine. Nimekikuta mu dosie ya zamani ya inchi ingine. Wewe ulikuwa haujazaliwa."

Alima alisikia nyundo ikiwekwa chini. Alijua mabega ya mumewe yameanguka. Kidogo tu angetoka jikoni ampe mkono. Lakini sauti ya Mama Agnès ilisikika tena, polepole.

"Na hili bomba? Linatoka chini, linarudi juu. Nani anapandisha maji ya soda? Sioni pompi."

"Moto, mama! Mvuke wenyewe njo unaisukuma. Inapanda, inamwangikia juu ya nyuzi, inashuka, inapanda tena. Hakuna kukoroga. Soda ile ile inazunguka, haipotee."

"Aaah," alisema Mama Agnès. "Sasa tuko nazungumuza."

Na Zakari akacheka. Kicheko kile kile cha siku za moshi. Alima aliweka sufuria chini, akamshusha Mariam mgongoni akamnyonyesha, mtoto ambaye hakuwa na njaa.

Kuanzia siku ile, chakulani, kitandani, njiani kwenda sokoni, ikawa Mama Agnès amesema. Mama Agnès amesema maneno "mashine nzuri" hayatoshi, lazima iandikwe inafanya nini. Mama Agnès amesema kila kitu kianze na namba yake. Mama Agnès ameuliza swali ambalo hata yeye Zakari hakulifikiria. Alipokuwa anasema hivyo macho yake yaling'aa. Alima alikuwa anaitikia "Eeh" na kuchambua mchele, na ndani yake kitu kikawa kinachemka bila kifuniko.

Siku ya chanjo ya mtoto, alipotoka kituo cha afya, miguu yake haikurudi Hewa Bora. Ilimpeleka mjini, mpaka kwenye ile ofisi. Hakujua anaenda kufanya nini. Labda kumwona akiwa na mume wa mwingine, ili ajue kwamba hayuko peke yake.

Alikaa kwenye benchi la koridori, kitenge amekivuta mpaka kwenye paji. Mlango wa Mama Agnès ulikuwa wazi. Mbele ya meza yake alisimama baba mmoja mnene, miguuni pake bidoni la mafuta ya mawese, jekundu, jipya.

"Papa, hii mafuta ni ya nini?"

"Ni ya kushukuru tu, mama."

"Unashukuru nini? Sijafanya kitu."

"Njo nashukuru mbele, ili ufanye."

Watu wa koridori walicheka. Mama Agnès naye alicheka, ameziba mdomo kwa mkono ili pengo lisionekane.

"Rudisha ku nyumba, papa. Bibi yako akaange ndizi. Mi, muntu mwenye dosie kwangu, sikamate hata kopo yake ya maji mpaka dosie inaisha. Njo maana bananiita muchawi mu mitaa yote. Nimezoea. Sasa leta maneno, acha mafuta."

Basi lilikuwa hilo. Alima aliketi pale. Alingoja furaha ije. Mwanamke huyu hakuogopa kopo lake. Hakuchukua kopo la mtu yeyote. Angepaswa kuinuka, arudi nyumbani, amwambie Martine ale maneno yake.

Nje, kwenye ngazi, mama mmoja aliuza karanga. Alima alinunua fungu, akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Huyu mama mupimaji, ni muntu gani?"

"Agnès? Ni mutoto wa bantu ya reli," yule mama alisema, akimega karanga na kumpa Mariam harufu yake tu. "Baba yake alikufa, yeye bado mu shule. Wadogo wake bote njo yeye alibasomesha. Alikuwa anafundisha kemia ku bana-banamuke. Siku ingine mutoto moja anaangusha chupa ya soda. Agnès anatia mukono wake, mutoto haguswe. Umemona alama yake? Alikuwa na muchumba. Ule muchumba alivuka mpaka kwenda Zambia kutafuta kazi, alituma salamu, kisha hata salamu ikaisha. Sasa iko na mama yake muzee, na kwaya ku parokia. Na ku kwaya ni mubaya, ee! Ukikosa sauti kidogo, bote banasimama mpaka uipate."

"Na mabwana ya bantu?"

Mama wa karanga alimtazama Alima usoni, kisha akamtazama mtoto. Alielewa. "Mabwana ya bantu banamuletea mashine, mwanangu. Hakuna mwenye kumuletea ingine."

Alima alirudi kwa miguu. Na njiani aliona kwamba wivu haukuwa umetoka. Ulikuwa umebadili nguo tu. Mwizi wa mume angejua la kumfanyia. Angemngojea getini, angempigia kelele mtaa mzima utoke, angemvua kile kitambaa. Lakini huyu hakuwa anaiba. Ni Zakari ndiye aliyekuwa anabeba, kwa mikono yake, na kumpelekea: maneno, kicheko, kile kitu cha chini ya bashi. Yote aliyokuwa anamnyima bibi wake alikuwa anampa mtu ambaye hata maji hataki. Hilo lilimuuma kuliko uzinzi. Uzinzi mtu anauombea msamaha. Hili Zakari hakujua hata kwamba amelifanya.

Jioni, alipomwekea bukari, alisema.

"Baba Mariam. Ule mama anajua mashine yote?"

"Yote. Mpaka bulon ya mwisho ya kukazia chuma." Alisema kwa fahari.

"Na mimi najua nini?"

Zakari aliacha kumega. "Namna gani?"

"Nauliza. Tulikuwa tunapika batu wawili. Sasa kuna mashine mu lupango yangu, naifagilia pembeni, sijue hata mlango yake iko wapi. Mutoto wa jirani akiniuliza, nasema ni bashi. Bwana yangu iko na bashi."

"Mama Mariam, ku biro siku ya kwanza balinikataza. Balisema: mbele ya kuweka dosie, usionyeshe muntu. Ikijulikana, haiko mupya tena, brevet inakufa. Balisema muntu yeyote."

"Na mimi njo ule muntu yeyote?"

Zakari alirudisha tonge kwenye sahani.

"Balisema muntu," alirudia, polepole, na safari hii aliyasikia maneno yake mwenyewe.

"Dosie uliiweka zamani," Alima alisema. "Bashi iko palepale."

Hakuongeza neno. Alinawa mikono. Asubuhi, Zakari akiwa anawasha moto kwenye mafiga ya uani, Alima alifunga nguo za mtoto kwenye kitenge, nepi, kopo la uji, na gauni lake moja. Mama yake alikuwa anakaa Kasungami, ana bustani na chumba cha ziada. Hakuwa anaenda kuachika, alijiambia. Alikuwa anaenda mahali ambapo akiuliza kitu anajibiwa. Lakini alijua vizuri kwamba mwanamke anayetoka na fundo la nguo Hewa Bora, mpaka afike barabara kubwa Martine amekwisha kumpa talaka.

Alimfunga Mariam mgongoni, akachukua fundo. Alipofungua geti, Mama Agnès alikuwa ameinua mkono kubisha.

Walitazamana. Mama Agnès aliona fundo, akaona uso, wala hakuuliza. Alisalimia, akapita. Alima angeondoka. Lakini miguu ya mwenye wivu ni mizito: alitaka kusikia, safari moja ya mwisho, wanavyoongea. Akasimama ndani ya geti, fundo mkononi.

"Papa Zakari, niko na shida," Mama Agnès alisema bila kukaa. "Bomba ni yako, hilo nimekwisha kuliona. Lakini karatasi yako siiamini."

"Mama, yote nimeandika!"

"Uliandika yote kwa muntu mwenye kuijua. Brevet haiko vile. Serikali inakulinda, wewe nawe unafundisha: fundi mwingine asome karatasi tu, bila wewe, na aweze. Akishindwa, umeficha, na mi nakataa dosie. Leo nataka kumona muntu anaipikisha kwa karatasi."

"Nitakuonyesha mimi mara moja!"

"Wewe haufae. Mikono yako inajua."

"Basi Djo. Ni rafiki yangu, alinisaidia kuchomelea."

"Djo naye mikono yake inajua. Nataka muntu mwenye kuzoea kupika nyuzi na soda, aijue hatari yake, aijue inaivaje. Lakini hii mashine, musiwe mulimwelezea hata siku moja. Muntu wa vile, mu mji huu, nitamutoa wapi?"

Moto ulilia kwenye mafiga. Shingo ya Zakari iligeuka yenyewe kuelekea geti, polepole, kama ya mtoto aliyevunja kitu na anaulizwa ni nani.

Mama Agnès alifuata macho yake.

"Mama Mariam? Unapikaka nyuzi?"

"Nilikuwa napika," Alima alisema. "Mbele."

"Na hii mashine, alikuelezea nini?"

"Hata bulon moja."

"Hata jioni, mu mazungumuzo? Hata kidogo?"

"Mama, uniache." Sauti ya Alima ilipanda, na Martine akaonekana juu ya ukuta kama aliyeitwa. "Unataka niseme mara ngapi? Bwana yangu hakuniambia kitu! Wewe anakuambia, mimi ananifungia kamba. Umefurahi? Sema umefurahi, niende."

Maana Mama Agnès alikuwa amefurahi. Uso wake wote ulikuwa umefunguka, na kwa mara ya kwanza alisahau kuziba pengo.

"Nimefurahi, ndiyo. Usinikasirikie. Miaka yote hii natafuta muntu sawa wewe, kila fundi amekwisha kujisifu kwa bibi yake mpaka bibi anajua kuliko mimi. Papa Zakari, ulifanya vibaya. Ulimufanyia bibi yako vibaya sana. Na sasa uende inje."

"Inje wapi?"

"Inje ya geti. Na usichungulie. Ukimwonyesha hata kwa kidole, nafunga dosie."

"Mama, soda ni kali! Nitamuacha vipi bibi yangu peke yake na soda?"

"Tangu lini unajua niko peke yangu?" Alima alisema.

Martine, juu ya ukuta, alipiga kofi moja. "Yeleleee! Papa Zakari, kuya huku kwangu, nikupe kiti. Tutakuwa tunasikia redio batu wawili."

Zakari alitoka. Alipofika getini alisimama karibu na Alima, akataka kumwambia kitu, na Mama Agnès akakohoa. Akaenda. Punguza moto, funga kifuniko kwanza, angalia upande wa bomba: yote yalikuwa yamejaa kinywani mwake na hakuruhusiwa hata moja. Alianza kutembea huko nje, kwenda na kurudi, na juu ya ukuta kilele cha kofia yake kilionekana, kikapotea, kikaonekana tena. "Bananiongelea?" aliuliza huko nje. "Banasema nini?" Martine akamjibu, "Tulia, papa. Mambo ya banamuke."

Alima alisikia, na kitu kitamu na kibaya kidogo kikampita kifuani. Hakukizuia.

Mama Agnès alifungua mkoba, akatoa glovu ndefu za mpira na miwani ya kuzuia soda, akaziweka juu ya kiti. Kisha akatoa karatasi za Zakari.

"Ameandika kwa Kifaransa. Mi nitasimama kule karibu na geti, mbali na moto, nitakusomea kwa Swahili yetu, neno kwa neno, sitaongeza. Pale utakwama, usiulize bwana, usiniulize mimi. Sema tu: hapa nimekwama. Ukikwama, kosa ni la karatasi, si lako. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na ukisema haupende, nakuelewa. Nitaenda, na fundo yako uibebe, sitamwambia muntu."

Alima alitazama bashi. Kamba ilikuwa imefungwa kwa fundo la Zakari, lile la kukaza mara mbili. Mariam alijinyoosha mgongoni, akatoa mkono mmoja nje ya kitenge. Mama Agnès alisogea hatua, akasita, na yule mwanamke aliyewasimamisha watu kwa sauti moja ya kwaya akaongea chini sana, kama anayeomba kitu ambacho mara nyingi amekataliwa.

"Lakini huwezi kuwa na mutoto karibu na soda, mama. Naomba... unipe Mariam, nimubebe ku mugongo yangu, mpaka umalize."

Alima aliweka fundo la nguo chini, akaanza kulegeza kitenge cha mgongoni.